Baba wa Vipawa na Nduguye

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ndivyo walivyonena wahenga. Methali hiyo humpima mtoaji kwa moyo wake, na hapo huishia. Ama kitolewacho, kilikotoka na kilivyopatikana, methali imekinyamazia. Atakaye kujua uzito wa kimya hicho na autazame ukoo mmoja wa Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa nasaba ya Mahdali, alitawala Kilwa tangu mnamo 1310 hadi mnamo 1333. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa mji wake, na sarafu za shaba zenye jina lake zilienea mwambao. Zama zake ndizo zilizojenga Husuni Kubwa, jumba la mawe juu ya jabali litazamalo bahari, na ndizo zilizoupanua Msikiti Mkuu. Kwa wingi wa utoaji wake watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa.

Mwaka 1331 alifika Kilwa Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, naye akaishuhudia sifa hiyo kwa macho. Siku ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakusita. Alirudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nyingine, na zile akampa fakiri. Watu wakastaajabu, wakamshukuru. Ndipo mwanawe alipozikomboa nguo za baba yake kwa fakiri yule, akamlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, aliongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa karne saba kuwa kisa cha ukarimu, na ukarimu umo. Mtu avuaye nguo zake mwenyewe ampe maskini hawezi kuitwa bahili. Lakini na tuhesabu. Katika vyote vilivyotolewa siku ile, kilichokuwa cha Sultani hasa ni nguo zile, na hizo zilirudi nyumbani. Waliobaki mikononi mwa fakiri ni watu ishirini, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Msafiri huyohuyo aeleza kuwa Sultani alikuwa akivamia nchi za bara mara kwa mara na kuleta ngawira, na sehemu yake ya tano aliitenga kama sharia ilivyoagiza. Kipawa, basi, kilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Wa mbele uliimbiwa sifa; wa nyuma ulisikia vilio.

Yupo atakayesema kuwa watu wa kale wasipimwe kwa mizani ya leo. Na iwe hivyo. Wapimwe kwa mizani yao. Katika mizani hiyohiyo, kumwacha huru mtumwa ni miongoni mwa sadaka zinazosifiwa mno. Baba wa Vipawa aliijua sadaka hiyo, kwani alikuwa mtu wa elimu aliyehiji na kusoma Aden. Watu ishirini wale angeweza kuwapa nafsi zao. Aliwapa kwa mwingine.

Wala si Kilwa pekee. Huko Ufaransa, Jean, mtawala wa jimbo la Berry, aliyezaliwa 1340 akafa 1416, mtoto wa mfalme na ndugu wa mfalme, alikuwa hodari wa kuwatunza mafundi na wachoraji. Kitabu cha sala alichowaagiza ndugu watatu wa Limbourg kinastaajabiwa hata leo. Kodi alizowatoza watu wa Languedoc, alikokuwa gavana, zilikuwa nzito, na wakulima wa huko waliasi. Uzuri ukabaki na jina lake. Gharama ikabaki kwa wasio na jina.

Alipokufa Abu al-Mawahib, alitawala nduguye Daud. Huyu, yasemwa, kila alipojiwa na mwombaji alijibu kuwa mpaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa. Dunia imemwandika bahili. Lakini Tarikh ya Kilwa yamtaja Daud kwa jambo jingine: nduguye alipokuwa Makka, yeye ndiye aliyekaa katika kiti kwa niaba yake muda wa miaka miwili, na Hasan aliporudi akamwachia. Ni wangapi katika historia walioshikizwa kiti wakakirudisha? Daud hakuwa na mkono wa kutoa, ila alijua kipi si chake. Nduguye alikuwa na mkono mpana, na hilo hakulijua.

Mtu wa visiwani hukisoma kisa hiki akiwa barazani kwa mtoaji. Mtu wa Vwawa, huko Mbozi mkoani Songwe, hukisoma akiwa upande wa pili. Nchi yake iko kwenye nyanda za juu baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na katika karne ya 19 watu wa nyanda hizo walikamatwa na kupelekwa utumwani, zama ambazo misafara ya Kilwa ilikuwa ikifika Nyasa. Huko Wanyiha walimwita mtawala wao mwene. Neno hilo si geni pwani: ni jirani wa mwenye, na wa Mwinyi Mkuu wa Unguja. Swali ni moja kote: mwenye nini? Akiwa mwenye watu, atawagawa. Akiwa mwenye amana ya watu, atawalinda, na atakapotaka kutoa atatazama kwanza kilicho mkononi mwake, kama ni chake.

Kutoa ni moyo, naam. Na aliyetolewa naye alikuwa na moyo.