Je, Siku ya Kustarehe Pamoja ni Hasara?

Swali letu la mwezi huu ni hili: mume na mke wenye watoto wa kusomesha, wazazi wa kutunza na deni la ushirika, je, ni vyema wao wawili watumie siku nzima wakitembea, wakitazama na kula, bila kazi yoyote? Wengine husema huo ni ubadhirifu. Wengine husema hiyo ni anasa ya matajiri. Wako pia wanaosema kwamba pesa ni zao na asiwaulize mtu. Tulipime jambo hili polepole, kwa maana majibu yote matatu yana kasoro.

Tutwae mfano. Mwalimu wa shule ya msingi huko bara na mkewe, anayeuza nguo sokoni, wameweka akiba mwaka mzima na kwenda Mombasa kwa siku nne. Ndoa yao ina miaka kumi na minane. Siku tatu zimekwisha. Imebaki moja, na basi lao litaondoka saa mbili usiku. Siku hiyo ya mwisho waitumieje?

Njia mbili

Njia ya kwanza twaijua sana. Asubuhi mume anatoa karatasi na kupiga hesabu ya pesa zilizotumika. Mke anawaza ni nani nyumbani atakayelalamika asipoletewa zawadi. Wanakwenda mbio Marikiti kununua halua, viungo na leso. Simu inalia: ng'ombe ni mgonjwa. Inalia tena: mtoto anaomba pesa. Kufikia saa sita wamekwisha kununiana kwa sababu ya shilingi mia tatu. Saa kumi na moja tayari wako kwenye kituo cha basi, wamekalia mizigo, kila mmoja akitazama upande wake. Miili yao iko Mombasa, lakini mioyo yao ilipanda basi tangu asubuhi.

Njia ya pili ni ya taratibu. Wanaanza kwa mahamri na mbaazi za nazi, na hawaharakishi chai. Wanatembea Mji wa Kale wakitazama milango iliyochongwa na roshani za mbao. Wanaingia Fort Jesus. Adhuhuri wanakula samaki wa kupaka kwa wali wa nazi. Alasiri wanapanda feri ya Likoni, kwenda na kurudi, kwa ajili ya upepo tu, kwa kuwa aendaye kwa miguu halipi nauli. Jua likipungua wanakaa Mama Ngina karibu na mibuyu, wanakula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, wanatazama meli kubwa ikiingia Kilindini. Jioni wakiulizwa, "Leo mmefanya nini?" hawana la kuonyesha ila kwamba walikuwa pamoja.

Anayelaumu ana hoja

Tusimdharau anayesema hiyo ni hasara. Pesa za samaki yule zingenunua daftari. Katika kijiji chao kuna mjane asiye na unga. Mkristo hawezi kusema kwamba hayo hayamhusu.

Lakini tuangalie pia upande wa pili. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ndoa nyingi jembe hutolewa siku ya kwanza. Tangu hapo wawili hao huongea juu ya karo, mbolea, unga, mazishi na michango. Mazungumzo hayo ni ya lazima, na upendo umo ndani yake. Hata hivyo, ni mazungumzo ya wafanyakazi wawili wa duka moja. Siku watoto watakapoondoka, duka litafungwa. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba wameishi miaka thelathini na mtu ambaye hawajui anapenda nini, anaogopa nini, au anachekeshwa na nini. Kazi haikuwapa nafasi ya kuuliza.

Maandiko yanatuambia kwamba Mungu alitazama alichokifanya, akaona ni chema sana, kisha akapumzika. Hakupumzika kwa sababu ya uchovu. Mtu asiyesimama kamwe hawezi kutazama, na asiyetazama hawezi kuona kwamba ni chema. Lini mara ya mwisho ulimtazama mke wako bila kumtuma? Lini ulimtazama mume wako bila kumdai?

Ile Fort Jesus yenyewe ina somo kwetu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaipa kuta nene na mizinga iliyoelekea baharini. Waarabu wa Oman waliizingira mwaka 1696, na ikaanguka mwezi wa Desemba 1698. Katika miezi hiyo zaidi ya thelathini, kilichowamaliza sana waliokuwa ndani ni njaa na maradhi. Kuta zilikuwa bado zimesimama, lakini watu walikuwa wamekwisha. Nasi tunazijengea ndoa zetu kuta dhidi ya uzinzi, ulevi na maneno ya watu, na tunafanya vyema. Lakini kuna nyumba zenye kuta imara ambamo wawili wanakufa njaa ya kusemeshwa. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwahimiza wanandoa wapya wawe na desturi zao za kila siku, akataja pia kusafiri pamoja. Hakuliona jambo hilo kuwa dogo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba siku hiyo ni deni ambalo mume na mke wanadaiana. Si anasa. Lakini deni halilipwi kwa wizi, na ndiyo sababu lina mipaka yake.

Mipaka mitatu

Kwanza, pesa ziwe zimejulikana kwa wote wawili. Starehe ya mkopo uliofichwa ni ugomvi uliowekewa tarehe.

Pili, asilipie mtu asiyekuwepo. Ikiwa mtoto amefukuzwa shule kwa karo, au msichana wa kazi hajapata mshahara wake, safari ingoje. Na ukiwa huko, usimkandamize muuza madafu ili uokoe shilingi kumi. Naye ana nyumba.

Tatu, starehe isiwe ya mmoja. Wako wanaume wanaokwenda Mombasa kutazama mpira hotelini, huku mke akifua nguo katika chumba cha kulala wageni. Huyo mke hakusafiri, amebadilishiwa jiko tu. Mwulize, "Mama, leo ungependa twende wapi?" Kisha mwende. Naye mama, usimjibu, "Popote tu," halafu ununе. Sema.

Zawadi za nyumbani ni heshima, hatuziachi. Zinunueni siku iliyotangulia. Simu ipokewe mara moja adhuhuri, kisha izimwe. Ng'ombe hatapona kwa kuulizwa mara tano.

Na asiye na uwezo wa kufika Mombasa? Deni lake ni lile lile, malipo ndiyo madogo. Chai na mandazi katika mji ulio karibu, kisha kurudi kwa miguu njia ndefu, yatosha. Kinachohitajika ni saa chache ambazo hakuna anayemtuma mwenzake.

Kwa nini siku ya mwisho?

Siku ya kwanza ya safari kila mtu ana furaha. Siku ya mwisho ndiyo inayotupima, kwa sababu tumaini limekwisha na wasiwasi umeanza. Anayeweza kukaa na mwenzake kwa utulivu saa chache kabla ya basi amejifunza jambo kubwa. Ndoa nayo ina siku yake ya mwisho, na hiyo haiandikwi kwenye tikiti. Mmoja wenu atatangulia. Kama katekista nimekaa katika matanga mengi. Aliyebaki huniambia kwa heshima juu ya shamba walilonunua na watoto waliosomesha. Lakini sauti hubadilika anapofika kwenye siku moja ndogo: walipokwenda mahali fulani, wakala kitu fulani, wakacheka. Na wengine hutafuta siku ya namna hiyo katika kumbukumbu zao, wasiione.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni lini tulipokuwa pamoja siku nzima bila kazi wala wageni?
2. Ni jambo gani mwenzangu analipenda ambalo sijawahi kumwuliza?
3. Mwaka huu tunaweza kutenga siku gani, na pesa kiasi gani, bila kumnyima mtu haki yake?

Zungumzeni usiku wa leo watoto wakilala. Msipokubaliana mara moja, msikate tamaa. Kule kuzungumza tayari ni mwanzo wa kulipa.