Je, Mateso Ndiyo Yanayozaa Nyimbo?



Tunapompeleka marehemu makaburini, iwe ni Mbeya chini ya mlima Loleza au Iringa juu ya bonde la Ruaha Mdogo, hatuhitaji kufungua kitabu. Mmoja huanza "Bwana U Sehemu Yangu", na wote huitikia, hata wa madhehebu mengine. Wengi wetu hudhani ni wimbo wa babu zetu. Kumbe ulitungwa kwa Kiingereza huko Marekani mwaka 1874, na mtunzi wake ni mwanamke kipofu, Fanny Crosby.

Katika karne ile ya 19 washairi wa Marekani walitunga nyimbo nyingi ambazo Kanisa limezipokea. Phillips Brooks, kasisi ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Massachusetts, alitunga wimbo wa Krismasi juu ya Bethlehemu mwaka 1868 kwa ajili ya watoto wa Shule ya Jumapili. John Greenleaf Whittier aliitumia kalamu yake kupiga vita utumwa. Lakini twaweza kuuliza: kuna faida gani kujifunza maisha ya watunzi? Je, wimbo wenyewe hautoshi?

Tuseme kweli: hatari ipo. Tukisikia kwamba Fanny alikuwa kipofu, upesi tunasema, "Ndiyo maana aliimba vizuri. Mungu alimfumba macho ili amfumbue moyo." Yeye mwenyewe hakumnung'unikia Mungu kwa upofu wake, na hilo lilikuwa juu yake kusema. Lakini je, ni haki yetu sisi kumwambia hivyo mama ambaye mtoto wake haoni?

Basi tutazame vizuri. Fanny alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la New York, akapoteza macho akiwa mchanga. Baba yake alifariki mapema, mama yake akafanya kazi za nyumbani kwa watu. Bibi yake alimweleza dunia kwa maneno na kumfundisha Biblia, naye akaweka moyoni sura nyingi. Mwaka 1835 alipelekwa katika shule ya wasioona mjini New York, na baadaye akafundisha hapo hapo mpaka mwaka 1858. Alitunga nyimbo zaidi ya 8,000, ingawa kwa kila wimbo alilipwa dola moja au mbili tu.

Tena, ushairi ni ufundi. Alizipanga beti kichwani, kisha mwingine akaziandika. Mstari wa kwanza wa wimbo wetu una mizani 8, sawa na kipande cha utenzi, na aliyeutafsiri aliihifadhi hesabu hiyo. Ndiyo maana unakaa vizuri kinywani mwa Mswahili. Ufundi wa namna hii haushuki kama mvua, mtu hufundishwa.

Hapo ndipo maisha ya mtunzi yanapotusahihisha. Upofu haukumfanya Fanny kuwa mshairi. Walimfanya bibi aliyekuwa na subira, na shule iliyomfungulia mlango. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, aliikataa hoja yao, akaanza kazi. Nasi tunapenda kueleza mateso ya jirani kuliko kumshika mkono.

Ndugu zetu, katika vijiji vyetu wapo watoto wasioona wanaokaa jikoni wakati wenzao wako darasani. Kanisa letu lilianzisha shule ya wasioona kule Buigiri, Dodoma. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukujua njia. Tuuliziane katika jumuiya zetu: nyumba gani ina mtoto kama huyo, na nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake juma hili?

Kisha, tutakapouimba tena wimbo ule tukiwa njiani, tukiomba Bwana atembee nasi, tutazame nyuma tuone ni nani tuliyemwacha nyumbani.