Amina ya Negomano

Sikieni, watu wa kaskazini ya mto Ruvuma, mnaoomba amani kila Ijumaa na kila Jumapili.

Moto wa uasi wa mashababi uliwaka Cabo Delgado, kule Msumbiji, Oktoba 2017, pale Mocímboa da Praia, mji ambao Kimwani cha sokoni na Kiswahili chenu ni ndugu wa damu. Miaka mitano baadaye waliokosa makao walikuwa wamevuka milioni moja. Wengi wao hawakulala kwenye mahema ya misaada. Walipokelewa na maskini wenzao wa Pemba ya huko huko na vijiji vya jirani, chumba kikabeba koo mbili, muhogo wa kesho ukaliwa leo. Wajenzi wa amani ni hao, na hakuna aliyewapa fulana wala posho ya semina.

Ninyi je? Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu walikuja mpaka mtoni kwenu. Mwaka ule shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilihesabu zaidi ya 9,000 waliorudishwa kupitia Negomano. Negomano! Mguu mmoja wa Daraja la Umoja uko pale pale, tangu lilipofunguliwa 2010. Mlilipa jina hilo wenyewe.

Mtasema ni serikali. Haya, na kule kunong'ona kwa mjumbe kwamba nyumba ya fulani ina wageni, nako ni serikali? Na ile kauli ya kilabuni, kwamba Wamawia hao ndio mashababi wenyewe? Neno lenyewe "Mawia" ni tusi la siku nyingi kwa watu wa ng'ambo ya mto, mkalitia mdomoni mwa watoto wenu.

Kitaya naijua, kijiji cha upande wenu. Ilishambuliwa Oktoba 2020, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Hofu yenu hamkuizua. Lakini aliyeichoma Kitaya ndiye yule yule anayekimbiwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Mmemfungia mlango aliyeungua, mkidhani mmeuzima moto. Na wale vijana wa upande wenu waliovuka kwenda kushika panga pamoja na wauaji, nyumbani kwao kuliulizwa nini? Ndugu zao walisema wamekwenda kutafuta riziki, mkanyamaza, kwa kuwa ni watoto wa mtaa wenu.

Baba zenu hawakuwa hivi. Vita dhidi ya Mreno vilipowaka kule Msumbiji miaka ya sitini, Rutamba ilipokea wakimbizi na Nachingwea ikawapa wapiganaji wao kambi. Baba zenu nao walikuwa na hofu. Mabomu ya Mreno yaliwafikia mpakani. Walikula nao ugali ule ule.

Sasa mnaandaa tena kongamano la amani, turubai na viti vya kukodi, shehe na padri meza moja. Fanyeni. Ila ikifika zamu ya dua, mwiteni mama mmoja aliyerudishwa Negomano, mpeni kipaza sauti, aombe kwa lugha yake. Kisha itikieni amina, kama itatoka.