NDUGU, USIFYATUE KWANZA!



Karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati. Usiikunje, usiitupe. Isome mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Nataka kusema nawe juu ya risasi moja tu. Risasi ambayo bado haijatoka.

Wapendwa wetu wengi waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya leo wanaishi Marekani, na wengine wamejifunza kuwinda huko. Mimi ni mmoja wao. Basi twende pamoja mpaka jimbo la Wisconsin, mwezi wa Novemba. Msimu mkuu wa bunduki ni siku 9 tu, na huanza Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Umevaa koti la rangi kali ya chungwa kama sheria inavyotaka. Umekaa tangu alfajiri kando ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, vidole vimekufa ganzi. Siku 8 zimepita, hujapata kitu. Jamaa kazini wanakucheka. Friji la nyama nyumbani ni tupu. Jua linateremka.

Mara, ng'ambo ya shamba, anatokea! Ayala dume mwenye mkia mweupe, pembe kama matawi ya mti! Moyo wako unapiga kama ngoma. Lakini yuko mbali. Yadi 400, yaani kama mita 365. Ni zaidi ya viwanja 3 vya mpira vilivyopangwa kwa mstari.

Unainua bunduki. Ndani ya darubini yake, ayala anaonekana yu karibu kabisa. Na sauti inakuambia: "Piga! Hutapata nafasi nyingine!"

Je, utafyatua?

SAUTI ILE INADANGANYA!

Darubini imemleta ayala karibu na jicho lako. Haikumleta karibu na risasi yako! Risasi itabidi isafiri yadi zote 400, na njiani kuna mambo matatu yanaingojea.

La kwanza ni kuanguka. Chukua bunduki ya .30-06, ambayo wawindaji wameitumia tangu mwaka 1906. Tuseme risasi ni ya greni 180, inatoka kwa kasi ya futi 2,700 kwa sekunde, nawe umeirekebisha bunduki ipige katikati kwa yadi 200. Ikifika yadi 300 imeshuka kama sentimita 20. Ikifika yadi 400 imeshuka kama sentimita 60! Yadi 500 imeshuka zaidi ya mita 1! Sasa moyo na mapafu ya ayala yamo ndani ya duara la sentimita 20 hadi 25 hivi. Ukilenga pale pale ulipozoea, utampita chini ya tumbo, au utamvunja mguu.

"Aa, nitalenga juu kidogo." Kidogo kiasi gani, ndugu yangu? Ukikosea yadi 50 katika kukadiria umbali kati ya 200 na 250, kosa lako ni kama sentimita 9, bado uko ndani ya mapafu. Ukikosea yadi hizo hizo 50 kati ya 400 na 450, kosa lako ni karibu sentimita 30. Kosa ni lile lile! Karibu linasamehewa, mbali halisamehewi.

La pili ni upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa si dhoruba. Ni ule wa kutikisa majani na vijiti vidogo tu. Ukivuma kutoka ubavuni, unaisukuma risasi ile kama sentimita 8 kwa yadi 200, lakini kwa yadi 400 unaisukuma karibu theluthi moja ya mita. Na upepo ulio shavuni mwako huenda sio upepo ulioko katikati ya shamba!

La tatu ni muda. Risasi hutumia kama nusu sekunde kufika huko. Ayala haijui risasi yako, haikungoji. Akiinua mguu na kupiga hatua moja, ulilenga mapafu, umepiga tumbo. Na hapo hukukosea chochote wewe! Umbali ndio uliokukosesha.

USHUHUDA WANGU

Sikuandikii kama mtakatifu asiyekosa. Mimi nilifyatua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanangu pembeni yangu, na ayala alisimama mbali. Nilikadiria kwa macho tu nikasema, "Kama yadi 350 hivi." Mbona nilikuwa napiga vizuri kwenye shabaha? Ndiyo, nilikuwa napiga vizuri nikiwa nimekaa mezani, mfuko wa mchanga chini ya bunduki, yadi 100, moyo umetulia! Siku ile nilikuwa nimepiga goti kwenye theluji, natetemeka, na nilitaka mtoto aone baba yake ni nani.

Ayala alijikunja mgongo, akakimbia. Pale aliposimama nilikuta manyoya na matone ya damu yenye rangi ya kijani na harufu ya tumbo. Mwindaji anayejua angeondoka kimya kimya na kurudi baada ya saa 8 au 12, kwa maana ayala aliyepigwa tumboni hulala karibu akiachwa. Mimi kwa haraka yangu nilimfuata mara moja. Nikamwamsha, akaingia kwenye kinamasi. Giza likaingia. Usiku theluji ikaanguka, ikafunika damu yote. Kesho yake tulitafuta mpaka mchana, hatukumwona. Siku ya tatu kunguru ndio waliotuonyesha.

Mwanangu akaniuliza: "Baba, alikufa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

MSHALE WA KUBAHATISHA

Mtu atasema, "Lakini risasi za bahati hupata!" Ni kweli, hupata. Soma mwenyewe 1 Wafalme sura ya 22. Huko Ramoth-gileadi askari mmoja alivuta upinde bila kujua anamlenga nani, na mshale ukaingia katika kiungo cha mavazi ya chuma ya mfalme Ahabu. Watu hupenda kuhubiri mshale ule. Lakini endelea kusoma! Mfalme hakufa pale. Alitegemezwa garini, damu ikatiririka mchana kutwa, na jioni ndipo akafa.

Umeona? Hata mshale wa bahati uliopata, uliua polepole. Na ile ilikuwa vita na hukumu ya Mungu. Wewe ni nani umpe mnyama hukumu ya namna hiyo? Ayala hana kesi nawe. Nyama yake ni zawadi, na Aliyemwumba anaona jinsi unavyoitwaa. Soma na Mithali 12:10, uone kwamba haki ya mtu hupimwa hata kwa jinsi anavyomtendea mnyama asiyeweza kumshitaki.

"MBONA FULANI ANAPIGA YADI 1,000?"

Anapiga nini? Chuma! Chuma hakiumii. Chuma kikikosewa kinangoja umpige tena baada ya kusahihisha. Kiumbe hai hakikupi zoezi hilo.

Sisemi kwamba yadi 400 ni dhambi kwa kila mtu. Hapana! Yuko mtu aliyejizoeza mwaka mzima kwa umbali huo, anayejua risasi yake inavyoanguka, mwenye kipimo cha leza na mahali imara pa kuegemeza bunduki, siku isiyo na upepo. Huyo anaweza kufyatua kwa dhamiri safi. Na yuko mwingine ambaye yadi 150 ni mbali mno kwake. Mpaka wa jirani yako si mpaka wako!

Basi mpaka wako ni upi? Uupime KABLA ya msimu. Chukua sahani ya karatasi, kama sentimita 23 upana. Usikae mezani. Kimbia kidogo mpaka uheme, kisha piga ukiwa umekaa chini au umepiga goti, kama utakavyopiga porini. Umbali ambao kila risasi inaingia kwenye sahani, kila moja, si nne kati ya tano, huo ndio mpaka wako. Uandike. Ukiona pembe usianze kuujadili upya. Pembe hazijawahi kumshauri mtu vizuri!

JIULIZE MASWALI HAYA

1. Je, umbali naujua, au naukisia?
2. Je, upepo naujua, hapa na kule?
3. Je, bunduki imeegemea kitu imara, au inacheza?
4. Je, amesimama ubavu, ametulia, au anatembea?
5. Je, nyuma yake kuna nini? Risasi ya .30-06 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 4. Je, kuna kilima cha kuipokea, au kuna nyumba ya mtu?
6. Je, nikimjeruhi, mwanga uliobaki unatosha kumtafuta?
7. Je, siwezi kusogea karibu?

Jibu moja likiwa "sijui", toa kidole. Usifyatue!

Na swali la saba ndilo kubwa. Tambaa kwenye mfereji. Zunguka upande ambao upepo haupeleki harufu yako kwake. Ngoja. Ukisogea kutoka yadi 400 mpaka 200, umeondoa karibu mambo yote yaliyokuwa yakikushitaki. Huko ndiko kuwinda! Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, imefundisha tangu zamani windo la haki, kwamba mnyama apewe nafasi yake. Na ukisogea akakuona akakimbia? Mwache aende. Atakwenda mzima.

UAMUZI NI WAKO LEO

Ndugu yangu, kurudi nyumbani mikono mitupu si aibu. Jamaa watacheka siku moja, watasahau. Lakini risasi ikishatoka hairudi, hata uililie. Mimi nimelilia ya kwangu.

Usingoje mpaka dume asimame mbele yako na moyo upige ngoma. Amua sasa, ukiwa umetulia. Sema nami maneno haya kwa kinywa chako:

"Ee Mungu, uliyeumba ayala na mimi, najua mpaka wangu. Sitauvuka kwa ajili ya pembe, wala kwa ajili ya sifa, wala kwa kuwa jua linazama. Nisipojua, sitafyatua. Na nikifyatua, nitamfuata niliyempiga mpaka nimpate. Amina."

Umesema? Basi andika yadi zako hapa, na tarehe ya leo: ____________

Ukimaliza kusoma, mpe mwindaji mwenzako.