Sifa Huenda Macho Yanakoelekea

Kila msimu ukiisha, jimbo la Mississippi humtunuku mchezaji wake bora wa futiboli ya vyuo. Nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili. Vyuo vikubwa kwa vidogo hupeleka kila kimoja mchezaji wake, waandishi wa michezo wanapiga kura, mashabiki nao wanapewa sehemu ndogo, na mshindi anakabidhiwa Tuzo ya Conerly. Mimi nauguza wazee hapa Jackson, na kwetu Machame, Tanzania, nilikuwa mzee wa kanisa. Labda ndiyo maana habari za tuzo hii hunijia kama swali la dini: mtu anasifiwa kwa haki ipi?

Mchukue Eli Manning, aliyeitwaa mwaka 2001 na tena 2003 akichezea Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Kipaji alikuwa nacho, na bidii pia. Lakini alizaliwa nyumbani kwa Archie Manning, kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) aliyekuwa shujaa wa chuo hichohicho miaka kama thelathini kabla yake. Mwanafalsafa John Rawls aliandika mwaka 1971 kwamba hakuna anayestahili kipaji alichozaliwa nacho, na kwamba hata moyo wa kujituma hutegemea sana malezi. Mtume Paulo alikwisha kuwakemea Wakorintho kwa jambo linalokaribiana na hilo: kujivunia walichopewa bure.

Na huyo mwenye jina la tuzo? Charlie Conerly, mzaliwa wa Clarksdale, alipigana Pasifiki katika Vita Kuu ya Pili, akarudi Ole Miss, akang'ara mwaka 1947, kisha akaichezea timu ya kulipwa ya New York Giants hadi 1961. Sina neno baya juu yake. Ila mwaka huo wa 1947 kijana mweusi wa Clarksdale hakuruhusiwa hata kuketi darasani katika chuo kile. Mwanafunzi mweusi James Meredith alipoandikishwa humo mwaka 1962 zilizuka ghasia, na watu wawili wakauawa. Conerly aliwashinda wale aliokutanishwa nao. Wengine walikwisha kutolewa uwanjani kabla filimbi haijalia. Leo Jackson State na Alcorn State, vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, navyo hupeleka wachezaji wao kuwania tuzo hii.

Nilimweleza hayo mzee mmoja ninayemhudumia, ambaye ujanani alicheza mstari wa mbele katika chuo kidogo. Vidole vya mkono wake wa kulia vimepinda kwenye viungo, viwili havinyooki kabisa, na vifungo vya shati namfungia mimi. Nilitarajia ataniunga mkono. Akakataa katakata. Alisema hakuna aliyeamka alfajiri kwa niaba yake, na jua la Agosti la Mississippi halikumhurumia kwa sababu ya malezi yake. Jasho lake ni lake, akasema, na mwanafalsafa wangu aje alivae lile vazi la mazoezi siku moja.

Hapo namwacha Rawls nasimama na mzee. Mtu hustahili shukrani kwa jasho lake, hata kama mwili uliolitoa alipewa. Tatizo liko kwingine: jasho la nani linaonekana?

Wachezaji watano husimama mbele ya kwotabeki: hao ndio mstari wa mbele. Kazi yao ni kuzuia watu wenye miili mikubwa wasimfikie, kwa sekunde tatu hivi, tena na tena, mpaka mchezo uishe. Mpira hawaubebi. Yadi za kusonga mbele hawahesabiwi. Wakifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea kwao. Wakikosea, namba zao za jezi hutangazwa uwanja mzima. Kent Hull, mtoto wa Mississippi aliyekuwa katikati ya mstari huo, alimpa mpira Jim Kelly, kwotabeki wa timu ya kulipwa ya Buffalo Bills, katika fainali nne za Super Bowl mfululizo, na zote walishindwa. Alifariki mwaka 2011. Mwaka 2013 jimbo likaanzisha Tuzo ya Kent Hull, kwa ajili ya watu wa mstari wa mbele peke yao. Ni jambo jema, lakini kwangu pia ni ungamo: kama jicho la wapiga kura lingewafikia bila kusaidiwa, wangehitaji chumba chao wenyewe?

Yesu alifundisha juu ya Baba anayeona yanayofanyika sirini. Wengi huisikia habari hiyo kama faraja. Mimi naisikia kama lawama kwetu sisi tunaogawa sifa, maana sehemu kubwa ya siri hizo si siri hata kidogo. Zinafanyika mbele ya macho ya maelfu, kwenye mwanga wa taa, nasi tunatazama mpira.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata mechi moja ya kutazama, robo ya kwanza usiufuate mpira. Mfuate yule aliyeinama katikati, kisha wa kushoto kwake, kisha wa kulia. Na kama una kura, fanya hivyo kabla hujaipiga.