Kitabu cha Akiba cha Mama
(Yeremia 32:6–15)



Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, naye siku hizo amefungwa, na jeshi la Babeli limeuzingira mji. Kisha akamwagiza Baruku azitie hati katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Karatasi za nini, na mji unakwenda kuteketea? Lakini Yeremia alizitunza kwa sababu aliiamini ahadi ya Mungu, kwamba watu watanunua mashamba tena.

Hata mabenki yanajua faida ya kutunza. Barclays, iliyokuwa na matawi yake kwetu mpaka Serikali ilipotaifisha mabenki Februari 1967, ina nyumba ya kumbukumbu huko Manchester, Uingereza. Humo hazikuwekwa hesabu peke yake. Zimo na barua na picha za watumishi wa zamani. Fedha zile zilikwisha kutumika, habari za watu zimebaki.

Nami niwaeleze aibu yangu. Baba alifariki mapema, mama akatulea kwa kuuza samaki na chumvi hapa Saadani. Nilipochaguliwa kwenda sekondari, nauli na sare nilipewa na mjomba. Miaka mingi nilimlaumu mama moyoni kwamba hakunitolea hata thumuni. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilimwandikia mjomba barua za shukrani. Mama sikumwandikia, nilisema hajui kusoma.

Mama alipofariki tulifungua sanduku lake. Chini ya kanga tulikuta kitabu cha Benki ya Akiba ya Posta, kimefungwa kwa kitambaa. Aliweka Sh. 5/=, pengine Sh. 3/=, na kila mstari una mhuri wa posta ya Bagamoyo. Maana yake alipanda mashua kwenda kuweka shilingi tatu! Na kila Januari, toka 1973 hadi 1976, alitoa karibu zote. Ndizo siku nilizokuwa nikifunga safari ya shule.

Nilimwendea mjomba. Akainamisha kichwa, akasema, “Mama yako alinikataza nisiseme. Alidhani ukijua fedha ni za mjane, utaona huruma, uache shule uje kumsaidia.”

Ndugu zangu, nilifundisha watoto wa watu kusoma miaka mingi, na kitabu cha mama yangu nilikisoma akiwa kaburini.

Basi nawaomba mambo mawili. Msichome karatasi za wazee kabla ya kuzisoma. Na ambaye mama yake yu hai, amwendee juma hili amshukuru, hata kama hajui bado la kumshukuru. Malaki 3:16 yatuambia kwamba mbele za Bwana kiko kitabu cha ukumbusho. Humo shilingi tatu za mjane hazipotei.

Bwana atupe macho ya kuona mema tuliyotendewa kwa siri. Amina.