Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo ulio kichwani pa mwingine huonekana mwepesi. Tulipime neno hilo kwa kazi tunayoiona kila siku katika njia ya Kasongo na Kabambare, yaani kazi ya kupeleka koli za watu kwa pikipiki au kwa baisikeli. Mchukuzi huyo anadai nini kwa haki? Je, bei iliyopatanwa yatosha?

Nchi yetu yaijua kazi hii tangu zamani. Kabla ya mwaka 1893, Kasongo ilipokuwa bado mikononi mwa Waarabu na waungwana, misafara ilitoka Ujiji ikapita Kabambare hata kufika Kasongo na Nyangwe. Mpagazi huru alipata ujira na posho. Mtumwa alibeba pembe za ndovu kwa fimbo. Halafu, katika vita ya 1914-1918, Wakongo zaidi ya 200,000 walichukua mizigo ya majeshi ya Ubelgiji, na wengi hawakurudi kwao. Kumbe hata watu wa misafara walijua kwamba ujira peke yake si haki yote: anayebeba lazima ale njiani.

Wachukuzi wa leo ni wa namna tatu. Wa kwanza ana pikipiki yake mwenyewe. Wa pili anaendesha pikipiki ya tajiri, na kila jioni ampelekea kiasi walichopatana. Wa tatu ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Tufanye hesabu ya mfano juu ya yule wa pili. Tuseme amepokea franka 100. Atoe 40 za esansi, 30 za tajiri, 10 za matairi na vipuri, 5 za barieri. Zinabaki 15. Ndizo za chakula, za nyumba na za masomo ya watoto. Akianguka matopeni akavunjika mguu, dawa atainunua kwa nini?

Wengine watajibu: «Alikubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.» Jibu hili lina nguvu, maana mapatano ni ya kuheshimiwa. Lakini mwenye njaa hukubali hata yasiyokubalika. Ndiyo sababu Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba juu ya mapatano iko haki ya asili: ujira usipungue hata ushindwe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na adabu. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 nayo yamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi akiugua, pamoja na jamaa yake. Na mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, CNSS, wapokea michango kwa ajili ya ajali za kazi, watoto na uzee.

Hapa ndipo penye fundo. Tajiri husema: «Huyu si mfanyakazi wangu, ni mchuuzi kama mimi.» Tutajuaje? Si kwa jina, bali kwa mambo yenyewe. Nani anapanga bei? Nani anaamuru saa ya kuondoka? Nani anamwadhibu akichelewa? Kama yote yatoka kwa tajiri, basi yeye ni bwana wa kazi, hata kama hakuna karatasi. Katika Uingereza, mwaka 2021, korti kuu ilipima hivyo juu ya madereva wa Uber, ikaamua kwamba ni wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa chini na ya likizo. Mwenye kukodisha pikipiki tu, asiyeamuru neno lingine, hayumo kabisa katika hukumu hiyo. Lakini hata yeye, akidai kiasi chake chote siku ile mvua imefunga njia, anajiwekea faida na kumwachia mwenzake hasara.

Na sisi tunaotuma koli? Mama anayepeleka mchele kwa mtoto wake shuleni hana mali ya kumlipia mchukuzi hospitali, wala hadaiwi hivyo. Deni lake ni dogo, lakini ni deni: aseme kweli uzito wa mzigo, alipe koli ikifika, asiseme «urudi kesho».

Mchukuzi naye ana wajibu wake. Koli ni amana; asiifungue, asiibadilishe. Ujira mdogo haufanyi wizi kuwa halali, ingawa tajiri aliyemnyima haki hana mikono safi. Tena wachukuzi wasingoje wengine tu: likilimba la kila juma, likiwekwa kwa ajili ya wagonjwa, laweza kumwokoa mmoja wao siku ya ajali.

Basi, ndugu msomaji, ukipokea koli yako, usiangalie kamba na karatasi tu. Mwangalie na aliyeileta, ukaulize: katika fedha niliyotoa, yeye amebakiwa na nini?